Shefu wa Kijiji cha Mafunzo

Shefu wa Kijiji hakuwa na kijiji. Alikuwa fundi wa mashini ya kukoboa mpunga katika ushirika wetu wa Kasongo, mtu mfupi mwenye tumbo la kuheshimika na kofia iliyoshonwa kwa mkono, na cheo chake alikipata kwenye mafunzo. Kwetu mafunzo yote huanza kwa namna moja. Mkufunzi anaomba washiriki wachague shefu wa kijiji, yaani mtu wa kuamuru simu zizimwe, kuwaimbisha wanaochelewa, na kumshukuru mgeni kwa niaba ya wote. Ukumbi ndio kijiji. Mafunzo yakiisha, kijiji kinakufa na shefu anarudi kuwa mtu kama wengine.

Huyu wetu hakurudi. Alichaguliwa kabla sijafika, kwenye mafunzo ambayo hata mada yake hakuna aliyeikumbuka, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ameondolewa, aliendelea kutawala. Aliamua nani akae wapi kwenye mkutano. Alifungua hotuba ambazo hazikuwa zake. Akina mama walipogombana kisimani, walimwita, naye alikuja akiwa amefuta vumbi la pumba usoni.

Siku zangu za kwanza nilimuuliza kijiji chake kiko wapi. Aliniangalia kwa huruma.

"Mademwazeli, wewe iko ndani yake."

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu cha Bukavu na shahada ya usimamizi, na tabia ya kuuliza maswali ambayo mama yangu aliiita ugonjwa. Ushirika ulinipa kazi ya kusimamia mafunzo ya wanachama. Nilidhani ni kazi ndogo. Nilipoona fulana zilizokuwa zikivaliwa shambani, nikaelewa ni kubwa: kila fulana ilikuwa na maandishi ya mafunzo fulani kifuani. Tuliwahi kufundishwa kompyuta, na umeme wetu wote ulikuwa wa mashini. Tuliwahi kufundishwa kuandika miradi, kunawa mikono, uongozi, kutengeneza sabuni. Sabuni ilikuwa nzuri, sisemi kitu juu ya sabuni. Lakini nilipouliza kwa nini tulijifunza kompyuta kabla ya kujifunza kuhifadhi mbegu, jibu lilikuwa lile lile: aliyekuja alikuja na kompyuta.

Aliyenipa kazi alikuwa mwenyekiti wa ushirika, mwanamke ambaye wote tulimwita Mama Prezidenti. Alikuwa rafiki wa mama yangu tangu kwaya ya kanisa, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha kusogea karibu. Watu wengine wana ndoto nyingi. Yeye alikuwa na moja, nayo ilikuwa Salamabila.

Salamabila ni mji wa dhahabu. Waliopo pale wametoka pande zote za mashariki, Waislamu na Wakristo na wasiosema wanasali wapi, na hawana muda wa kulima. Wanachimba, wanauza, wanakula. Mchele waliokula ulivuka ziwa, ukapanda milima, ukafika umechoka kama abiria. Sisi tulikuwa karibu zaidi, na mpunga unaota kwetu bila kubembelezwa. Mama Prezidenti alikuwa ameona jambo hilo kabla ya watu wa mipango kuliandika. Alikuwa amepita vijiji hadi upande wa Lusangi, nyuma ya pikipiki, akiwaambia watu waache sehemu ya muhogo wapande mpunga. "Mupande," alisema kila mahali. "Salamabila itakula." Watu walipanda kwa sababu ya sauti yake, si kwa sababu ya mpango wowote.

Kisha likaja jiwe.

Mfanyabiashara mmoja mwenye depo, yaani ghala la vyakula, Salamabila ndiye aliyekuwa mnunuzi wetu. Alituma ujumbe wa sauti kwenye simu, na Mama Prezidenti akanisikilizisha tukiwa tumekaa barazani kwake. Mtu yule alisalimia vizuri, akauliza habari za watoto, ndipo akasema: "Mama, muchele yenu iko tamu. Mimi mwenyewe naikula. Lakini iko na mawe. Mama wa restora hapa alivunjika jino, sasa kila mutu anacheka depo yangu. Nitapokea tena hii mara moja tu. Ikikuja sawa vile, mama, unisamehe, nitarudilia muchele ya ng'ambo."

Mama Prezidenti alizima simu, akaiweka chini taratibu kana kwamba ingeweza kumwagika.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia."

"Ile mashamba yote ya Lusangi iko juu ya shingo yangu."

Mavuno yalikuwa yanaingia. Kama Salamabila ingekataa, familia zile zingebaki na mpunga ndani ya nyumba na jina lake mdomoni.

Nilifanya kile nilichofundishwa chuoni. Niliita mkutano. Ukutani mwa ofisi yetu kulikuwa na karatasi ndefu ya Kifaransa iliyoitwa mpango wa kistratejia, na nilitaka kuanzia hapo, ili kila mafunzo yajayo yapimwe kwa mpango ule. Nikasimama mbele ya wanachama, nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma:

"Leo kila mmoja atuambie, stratejia yetu ni nini?"

Ukumbi ukanyamaza. Si kunyamaza kwa kufikiri, bali kule kwa watu walioguswa mahali pa aibu. Wanaume wakatazama miguu yao. Mama mmoja wa kikundi cha waanikaji, mnene, mcheshi, akavuta kitenge chake hadi shingoni.

"Ya kwangu siwezi kusema," alisema. "Bwana yangu amekaa pale."

Kicheko kilipasua ukumbi. Bwana wake alisimama akadai aelezwe. Shefu wa Kijiji akagonga meza mpaka pakatulia, kisha akanivuta pembeni.

"Mademwazeli, mutu hasemake stratejia yake ku mukutano. Ukiisema, imekufa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu, stratejia ni ujanja. Ni namna unavyopita kizuizi bila kusimamishwa, namna unavyoficha sukari isiishe, namna binti anavyotoka nyumbani jioni akisema anaenda kwa shangazi yake. Nilikuwa nimewaomba watu wazima wavue nguo hadharani, tena kwa zamu. Na nilijiuliza, na bado najiuliza, kama waliolibandika neno lile ukutani walijua kwamba kwa miaka yote watu waliolipita walidhani ofisi inatangaza ujanja wake.

Nikaanza upya. Nikasema, tuache stratejia. Tunataka nini?

"Salamabila ikule," alijibu mtu nyuma, bila hata kufikiri.

"Na ile mafunzo yote tumepata," niliuliza, "iko moja inapeleka muchele Salamabila?"

Wakafikiri kweli. Mama mnene akasema labda ya sabuni, kwa sababu mikono ilikuwa safi. Swali lile Shefu alilipenda. Tangu siku ile alilibeba kama silaha. Mtu akija na pendekezo lolote, hata la kubadilisha rangi ya mlango, Shefu alimkazia macho: "Inapeleka muchele Salamabila?"

Wiki hiyo hiyo, kama kwa kutujaribu, wafadhili wa Kindu wakatuarifu kwamba wanatuletea mafunzo. Mada: uongozi na utatuzi wa mizozo. Wakati: siku zile zile ambazo mpunga wa safari ya mwisho tuliyopewa na mnunuzi ulitakiwa kuanikwa. Nilikwenda kwa Mama Prezidenti nikiwa nimejaa moto. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Tukatae," nilisema.

"Tukatae nini?"

"Mafunzo. Hayana uhusiano na kitu tunachohitaji. Tutakaa ukumbini tunaigiza ugomvi wa mbuzi, huku mpunga unalowa."

Aliendelea kuchuma majani kutoka kwenye vikonyo, moja moja.

"Nitamuambia nini ule mutu? Arudi Kindu na chakula yake?"

"Mwambie ukweli."

"Weye ulisoma. Umwambie weye, kwa Kifaransa. Lakini usimwambie arudi. Umwambie njaa yetu iko ya nini."

Nikampigia mkufunzi. Nilitegemea ubishi, nikakuta sauti ya mtu mpole aliyezoea barabara mbovu. Nikamweleza jiwe, jino, depo, yote. Alisikiliza, kisha akacheka kidogo.

"Dada, mada imekwisha kuandikwa, siwezi kuigusa. Mifano haijaandikwa."

Nilikaa na sentensi ile jioni nzima. Chuoni tulitumia muhula kujifunza jinsi ya kuoanisha mafunzo na malengo ya taasisi, kwa michoro yenye mishale. Hakuna mshale hata mmoja uliosema kwamba wakati mwingine mlango uko kwenye mfano.

Siku ya mafunzo, mkufunzi alisimama mbele na fulana mpya, akaomba watu wachague shefu wa kijiji. Shefu alikuwa amekwisha kusimama.

"Uchaguzi ulipita zamani," alisema. "Simu zizimwe."

Yeyote aliyehudhuria mafunzo ya mizozo kwetu anaujua mfano wa mbuzi. Mbuzi wa mtu anaingia shamba la jirani, anakula mihogo, majirani wanagombana, washiriki wanaigiza, na mwisho wote wanashikana mikono. Mama yule mnene alikuwa mbuzi wetu wa kudumu. Alikuwa na mlio ambao watoto walikuja kuchungulia dirishani kuusikia. Mkufunzi alipotangaza kwamba leo hakuna mbuzi, alishtuka kweli.

"Na mimi?"

"Leo wewe iko jiwe," nilimwambia.

"Jiwe? Jiwe inaliaka namna gani?"

Tukamweka kwenye kiti katikati ya ukumbi. Mkufunzi akaeleza: huyu ni jiwe lililokutwa ndani ya sahani Salamabila, likavunja jino la mtu. Anataka kujua alikotoka. Atamuuliza kila mmoja.

Alianza kwa mzaha, kama kawaida yake. Aliinuka akiwa amekunja mikono kifuani, mzito, akaenda kwa wakulima.

"Baba zangu, ni nyinyi mulinizaa?"

"Hapana," walisema. "Sisi tunapigaka mupunga juu ya mukeka. Hatukujui."

Akaenda kwa vijana wa pikipiki, ambao kwetu tunawaita motari. "Munanijua?"

"Gunia ikishafungwa, sisi tunaona kamba tu."

Akamwendea Shefu, mwenye mashini. Shefu akachukia mara moja. Alisema mashini yake ina chujio, na kwamba jiwe linalopita kwenye chujio ni jiwe lililokuja na adabu mbaya kutoka nje. Watu wakacheka. Jiwe likamtolea ulimi.

Ndipo akageukia kikundi cha waanikaji. Kilikuwa kikundi chake mwenyewe. Wenzake walimtazama, naye akawatazama. Akafungua mdomo kuuliza, hakuuliza. Akarudi kwenye kiti chake, akakaa.

"Mimi najua nilitoka wapi," alisema, na sauti haikuwa ya mchezo tena, ingawa mikono ilibaki imekunjwa kama ya jiwe. "Nilitoka ku udongo ya barabara. Walinianika na mupunga chini. Sababu turubai ilikuwa ku kilio."

Hakuna aliyecheka.

Inabidi nieleze. Ushirika ulikuwa na maturubai makubwa mawili, ya kuanikia mpunga. Lakini mtu akifiwa Kasongo, wanaokuja kulia ni wengi, wanakaa siku na siku, na wanahitaji kivuli. Turubai la ushirika lilikuwa la kwanza kukumbukwa. Lilitoka siku ya msiba na likarudi lini, Mungu anajua. Mara nyingi lilipita moja kwa moja hadi msiba mwingine. Mpunga ulianikwa kwenye ardhi iliyofagiliwa, na ardhi yetu, hata uifagie namna gani, ina changarawe. Kila mtu ukumbini alilijua hilo. Hakuna aliyekuwa amelisema, kwa sababu kulisema ni kusema kwamba wafiwa walitukosea. Mama yule asingelisema kwa mdomo wake. Alilisema kwa mdomo wa jiwe.

Motari mmoja, kijana mwembamba aliyempoteza baba yake miezi michache nyuma, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Turubai moja ilikuwa kwangu," alisema. "Ya baba. Nilingoja mutu aje kuiomba. Hakuna mutu alikuja."

"Nani angekuja?" mama alimjibu, na alikuwa analia sasa. "Mutoto wangu, nani angekuja kuvua turubai juu ya kichwa yako?"

Mkufunzi aliweka kalamu mezani. Sikumpenda kabla ya hapo, nilikuwa nimemvumilia tu; hapo nilimpenda. Hakutoa fundisho. Aliuliza swali ambalo mimi ningeona fahari kuuliza:

"Katika kijiji hiki, nani anaweza kwenda kwenye kilio, akaomba turubai, na watu wasimchukie?"

Kisha kichwa kimoja kikageuka, na kingine, mpaka ukumbi mzima ukawa unamtazama Shefu.

Shefu alirudi nyuma hatua moja. "Mimi? Mimi niko shefu ya kusema simu zizimwe!"

"Iko mutani wa kila mutu," alisema motari. "Hata baba yangu ulimucheka maisha yake yote."

"Baba yako alikuwa na masikio ya kuchekesha."

"Njo vile," alikubali kijana, akitabasamu huku macho yamelowa. "Njo vile nasema."

Kulikuwa na msiba mtaa wa pili, na turubai letu la pili lilikuwa pale. Ratiba ya mkufunzi ilionyesha mchana wa zoezi la vitendo. Tukaenda. Shefu aliingia kama mfiwa, akalia kweli, akasaidia kusogeza kuni, akakaa na wazee, akala. Nilianza kudhani amesahau. Kisha akasimama, akavua kofia.

"Ndugu zangu, nilikuja na kilio yangu pia. Mimi niko shefu ya kijiji. Watu yangu wote iko inje, wanalala uchi."

"Watu gani?" aliuliza mjomba wa marehemu.

"Mupunga."

Kisha mjomba akaanza kutikisika mabega, na kicheko kikapita chini ya turubai kama upepo, hadi kwa mjane, aliyefunika mdomo kwa kitenge. "Huyu mutu!" alisema. "Marehemu alikuambiaka utakufa ukiwa na kazi ya watu wengine."

Lakini mjomba alikuwa mtu makini. "Shefu, ukitwaa hii, jua itatupiga sisi."

Shefu hakuwa amefikiria hapo. Niliona wazi hakuwa amefikiria. Akanitazama mimi, akamtazama mkufunzi, akamtazama motari, na ni motari aliyesema kwamba babu zetu walilia chini ya makuti, na kwamba michikichi, ambayo kwetu tunaiita ngazi, haiishi Kasongo. Mimi ndiye niliyeuliza nani bado anajua kusuka kibanda cha makuti kisichovuja. Ilibainika kuwa ni watu wachache sana, na mmoja wao alikuwa mjomba mwenyewe.

Basi siku zilizobaki za mafunzo ya uongozi na utatuzi wa mizozo, wanaume wa ushirika walifundishwa kusuka makuti na mjomba wa marehemu, uani kwa wafiwa, mpaka kibanda kikasimama na turubai likakunjwa kwa heshima. Shefu aliukata mkono wake mara kadhaa. Mkufunzi naye alisuka, vibaya. Niliuliza ataandika nini kwenye ripoti yake. Alisema ataandika uongozi shirikishi, na hakuwa anasema uongo. Tulikubaliana kwamba kuanzia hapo, msiba wowote wa mwanachama, vijana wetu wangekwenda siku hiyo hiyo na makuti, na maturubai yangebaki chini ya mpunga.

Ilikuwa rahisi kukubaliana. Makubaliano mengi ni rahisi wakati aliyekufa ni wa mwingine.

Mpunga wa safari ya mwisho ulikuwa umetandazwa, maturubai yote mawili, rangi ya dhahabu ya kweli kuliko ile ya Salamabila, na mawingu yalikuwa yanacheza upande wa mto Lualaba, ndipo habari zilipokuja kwamba dada mkubwa wa Mama Prezidenti amefariki. Alikuwa ndiye aliyemlea. Nilikuwepo uwanja wa kuanikia habari zilipofika. Mama mnene akapiga magoti, akaanza kusukuma mpunga kutoka ukingo wa turubai kwa viganja. Wengine wakapiga magoti pia. Walikuwa wanalikunja. Hakuna aliyeamuru, ilikuwa ni upendo tu, na upendo ule ungeumwaga mpunga wote kwenye changarawe.

Maswali yangu yote yalikuwa yamekauka. Nilisimama pale nikiwaza: lile swali letu la Salamabila, nani ana haki ya kuliuliza leo?

Shefu alikuja anahema kutoka kwa wafiwa. Alikuwa ametumwa.

"Anasema muache."

"Nani anasema?"

"Mwenyewe. Anasema dada yake alichukiaka joto ya nailoni. Anasema mulete majani."

Mama mnene alibaki na viganja vimejaa mpunga. "Ni vile alisema kweli, ao ni weye?"

"Naapa," alisema Shefu, na kofia yake ilikuwa mkononi.

Vijana walikwenda kukata makuti kwa mbio. Nilipofika kwa wafiwa, kibanda kilikuwa kinasimama, na kulikuwa na manung'uniko. Binamu mmoja aliyetoka Kindu alisema kwa sauti ya kusikika: "Prezidenti mzima anamulilia dada yake chini ya majani, kama mutu bila watu?" Mama Prezidenti alikuwa amekaa kwenye mkeka, amefunga kichwa. Alinyoosha mkono, akagusa ukuti mmoja juu yake, akaangalia namna ulivyosukwa.

"Nani alisuka huu?" aliuliza.

"Mimi, Mama," alisema Shefu.

"Iko mubaya."

"Ndiyo, Mama."

Akamshika mkono, akamkalisha karibu yake, na wakalia pamoja. Mvua ilipita usiku ule, ndogo. Kibanda kilivuja upande aliousuka Shefu, na hapo ndipo Shefu alipokaa.

Mpunga ulikauka juu ya maturubai, ukakobolewa. Akina mama waliupepeta kimya, wakipokezana kwenda msibani. Magunia yakafungwa kwenye pikipiki, na mimi nikapanda nyuma ya yule motari aliyempoteza baba yake. Barabara ya Salamabila haina haja ya kuelezwa. Mgongo wangu unaikumbuka. Tuliteleza, tulisukuma, tulivuka madaraja ya magogo kwa miguu huku yeye akiimba nyimbo za dini zote mbili kwa usalama zaidi.

Mfanyabiashara wa depo hakufungua gunia mwenyewe. Alituma mtu amwite mama wa restora. Alikuja akifuta mikono kwenye aproni, mwanamke mkali, mwenye pengo mbele.

"Nyinyi njo watu ya jino yangu?" alisema. "Munaona? Iko kaburi hapa."

"Pole, mama," nilisema.

"Pole haitafunake nyama."

Akachota mchele, akaenda kuupika. Tulingoja kwenye benchi la restora yake, katikati ya wachimbaji waliojua hadithi na waliokuja kutazama. Mmoja aliuliza kama tumeleta pia daktari wa meno. Chungu kilipoiva, alijipakulia mwenyewe, bila mboga. Akala tonge la kwanza akiwa amefumba macho, kama mtu anayesubiri kupigwa. Wote tulisikiliza mdomo wake. Sijawahi kusikiliza mdomo wa mtu kwa unyenyekevu kama ule. La pili. La tatu. Akaendelea. Akafika chini ya sahani, akakwangua, akafungua macho.

"Juu ya nini munaniangalia?" alisema. "Mulete sombe."

Mfanyabiashara akacheka, akawaambia vijana wake washushe magunia, na akauliza shehena inayofuata itakuja lini.

Mtandao ulipatikana kwenye kichuguu nyuma ya depo tu. Nilipanda, nikampigia Mama Prezidenti. Nilijua yuko bado mkekani, na nyuma ya sauti yake nilisikia watu na vyungu. Nilikuwa nimeandaa maneno kichwani, kuhusu swali letu, kuhusu mafunzo, labda hata kuhusu ile mishale ya chuoni. Nilikuwa pia na mashaka yangu: je, yalikuwa mafunzo, au jiwe lililosema, au dada aliyechukia nailoni, aliyeupeleka mchele ule hadi pale? Mpaka leo sijajua, na wafadhili wakiniuliza huwa nawajibu kwa urefu.

"Mama," nilisema. "Amekula."

"Nani?"

"Mwenye jino. Amemaliza sahani."

Kisha nikamsikia akigeuka kutoka kwenye simu, akawaambia watu waliokuwa naye, kwa ile sauti yake ya chini, "Salamabila imekula." Palitokea kelele, na ndani ya kelele nilimsikia Shefu akigonga kitu na kuamuru watu wanyamaze, Mama Prezidenti bado anaongea.

"Mwanangu," alisema. "Ulikula na weye?"

"Bado."

"Ukule basi. Kisha urudi mbio. Huku wingu iko inafunga, na maturubai iko inje na mupunga juu."